Msitu uliokatwa siku moja: kisa cha tangi la mimea katika joto la Mombasa

Mwenye tangi ameniruhusu nisimulie, kwa sharti kwamba jina lake na mtaa wake visijulikane. Nitamwita Ami, kama ninavyomwita hata tukiwa wawili. Mambo machache ya nyumbani kwake nimeyabadilisha. Vipimo vya maji na mpangilio wa matukio nimeviacha vilivyo kwenye daftari langu. Makosa mengine humu ni yangu, na hayo pia nimeyaacha yalivyo.

Usuli

Ami ni mstaafu, anaishi nyumba ya chini kisiwani Mombasa. Tangi lake la kioo lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 45. Kwa hesabu ni lita 180, lakini ukitoa changarawe, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe ni lita 150 hivi. Ikumbuke hiyo 150, tutaihitaji mbele.

Nilimsaidia kulipanda mwezi wa Juni, kusi imeshika na maji sebuleni yako nyuzi 26. Tulipanda kwa wingi tangu siku ya kwanza, kwa sababu tangi lililojaa mimea mapema haliuachii mwani nafasi. Nyuma tuliweka valisneria, ule mmea wa majani marefu kama utepe. Katikati haigrofila, yaani Hygrophila polysperma, na pembeni yake rotala ya majani madogo yenye wekundu. Mbele kriptokorini ya kahawia, Cryptocoryne wendtii, ambayo kwao ni Sri Lanka. Juu ya jiwe tulifunga anubiasi, mmea mgumu wa mito ya Afrika Magharibi.

Mawe yalikuwa matano, yote ya matumbawe, kutoka ukuta uliobomolewa wa nyumba ya babake Mji wa Kale. Kubwa kuliko yote bado lina chokaa ya zamani upande mmoja. Nilijua vizuri kwamba jiwe la matumbawe ni kalsiamu kabonati, na kwamba likikaa majini litaongeza ugumu wa maji kidogo kidogo. Nilinyamaza. Mtu mzima akikuonyesha jiwe la ukuta wa babake, humwambii akalitupe.

Samaki walikuwa gapi 20 na tetra 10. Taa iliwaka saa nane kwa siku. Kulikuwa na filta ya kutundika mgongoni mwa tangi, na chupa ya lita mbili yenye sukari na hamira niliyomtengenezea mwenyewe ili kuitilia mimea gesi ya kaboni. Ilikuwa hamira ile ile ya mahamri, na mkewe Ami hakufurahi. "Hamira yangu mwaipeleka kwa samaki?" Tulicheka. Baadaye nilikuja kuona alikuwa na haki ya kulalamika, ingawa si kwa sababu aliyoifikiria.

Jambo la mwisho la usuli ni maji. Maji ya mfereji ya Mombasa husafiri kutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na nyumba nyingi huyapata kwa zamu. Kwa Ami hufika mara mbili kwa wiki, wiki ikiwa nzuri. Uani kuna kisima, lakini kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe na bahari iko pande zote. Maji ya kisima kile yana chumvichumvi. Ni ya kufulia na kuoshea baraza.

Mambo yalivyokwenda

Miezi minne ya kwanza ilikuwa raha tupu. Haigrofila ilikua sentimita kadhaa kwa wiki, ikafika juu, ikainama, ikaanza kutambaa chini ya uso wa maji. Valisneria ilituma mashina yake membamba chini ya changarawe na kuchipuza watoto kila mahali, hata katikati ya kriptokorini. Ami alikuwa akiwaketisha wageni mbele ya tangi kabla ya kuwapa kahawa. "Hebu tazama msitu wangu."

Mwezi wa Oktoba nilipita, nikaingiza mkono. Juu palikuwa na zulia la kijani. Chini yake rotala ilikuwa imebaki miguu mitupu: mashina ya hudhurungi yasiyo na jani, na kichwa kidogo chekundu kinachotafuta mwanga. Maji yanayotoka kwenye filta yaliishia robo ya tangi, yakakwama. Nikamwambia, Ami, punguza. Akasema wiki ijayo inshallah. Wiki hiyo haikuja.

Mwisho wa Novemba mambo matatu yalikutana. Joto lilipanda na kaskazi, maji yakafika nyuzi 30 na siku nyingine 31, naye akaweka feni ndogo ya kupuliza juu ya tangi. Feni ilifanya kazi, ilishusha joto nyuzi mbili hivi, lakini kwa kupoteza maji: karibu lita tatu kila siku zilikuwa zinayeyuka kwenda hewani. Na mfereji ukakatika. Akaanza kufidia zile lita tatu kwa maji ya kisima. Hakuniambia. Kwake lilikuwa jambo dogo, maji ni maji.

Siku ya nne ya kutumia maji ya kisima, umeme ulizimika usiku kucha. Ami alipoamka kwenda kuswali alfajiri, alimulika tangi kwa simu, akaona samaki wote wako juu, vinywa nje, wanatweta. Watano walikuwa wamekwisha kufa. Alivuruga maji kwa kikombe mpaka kulipokucha.

Jumamosi ya wiki ile ile akaamua kulimaliza tatizo. Alichukua mkasi wa jikoni. Haigrofila yote aliing'oa na mizizi. Valisneria aliikata katikati, kama mtu anayefyeka nyasi. Kriptokorini alizing'oa, akazitenganisha, akazipanda upya kwa mistari iliyonyooka. Alijaza ndoo mbili. Kila alipong'oa shina, tope jeusi lilipanda kutoka chini ya changarawe, na hadi kufika adhuhuri hakuona ng'ambo ya tangi. Maji ya kubadilisha hayakuwepo. Aliongeza ya kisima, na ili mimea iliyobaki ipate nguvu upesi, akaongeza muda wa taa kutoka saa nane kwa siku hadi saa kumi.

Siku ya sita baada ya kukata alinitumia picha kwa simu. Majani machanga ya haigrofila chache alizozirudisha yalikuwa ya njano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Nilikuwa kazini, nikajibu haraka: mbolea imeisha, weka gramu kumi za potasiamu naitreti, ile inayouzwa maduka ya pembejeo kwa kilimo cha matone. Sikuuliza maji yanatoka wapi. Sikuuliza amekata kiasi gani.

Siku ya kumi mwani wa nyuzi ulikuwa umefunika mawe na ncha za valisneria. Kriptokorini zilianza kuyeyuka: jani linakuwa kama kioo, linalainika, unaligusa linabaki kidoleni. Samaki wanne zaidi walikufa, mmoja mmoja. Siku ya kumi na nne alinipigia. "Mwanangu, njoo. Msitu umegeuka uji."

Nilichoamua, na kwa nini

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipofika ni kutumbukiza kalamu ya kupimia chumvi. Ikasoma miligramu 1,190 kwa lita. Maji ya mfereji nyumbani kwake, kwa kumbukumbu yangu ya Juni, yalikuwa 420. Nikamtazama Ami, naye akatazama mlango wa uani.

Tulikwenda kupima kisima: 1,800. Hesabu tuliifanya pale pale nyuma ya bahasha. Lita tatu za maji hayo zina gramu 5.4 za chumvi. Maji yanayoyeyuka huondoka peke yake, chumvi hubaki. Kwa siku 21 aliingiza gramu 113 hivi, na ukizigawa kwa lita 150 unapata nyongeza ya miligramu 756 kwa lita. Ongeza kwenye 420, unafika karibu kabisa na kile kalamu ilichosema. Sina budi kukiri kwamba ni nadra hesabu ya tangi kukubali vizuri namna hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulihusu maji, na ulikuwa kwenda polepole. Samaki waliobaki walikuwa wamezoea chumvi ile kwa wiki tatu. Kuwatumbukiza kwenye maji mepesi kwa siku moja kungewaua haraka kuliko kisima. Tuliamua kubadilisha theluthi moja kila baada ya siku tatu au nne. Theluthi ni lita 50, mitungi miwili na nusu. Mfereji ulikuwa umerudi, na maji tuliyalaza kwenye pipa siku nzima huku jiwe la hewa likitoa mapovu ili klorini iondoke.

Jirani alipendekeza tutumie maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi chake, kwa kuwa hayana chumvi. Ni kweli hayana. Lakini yanapita juu ya mabomba ya shaba yenye vumbi la miaka, na shaba kidogo tu inatosha kuwaua konokono na kamba wadogo. Nilikataa. Wapo wanaoyatumia bila tatizo. Mimi sikuwa tayari kuongeza mashaka juu ya tangi linaloumwa.

Uamuzi wa pili: taa ipunguzwe, iwake saa sita kwa siku. Ami alishangaa, mimea inakufa nami naipunguzia mwanga? Mimea iliyobaki haikuwa na majani ya kutosha kuutumia mwanga wa saa kumi, na mwanga usiotumiwa na mmea hutumiwa na mwani.

Uamuzi wa tatu: kriptokorini zisiguswe kabisa. Alitaka kuzitupa. Mmea huu una tabia ya kuyeyusha majani yake yote ukihamishwa au maji yakibadilika ghafla, na ulikuwa umefanyiwa yote mawili. Niling'oa mmoja tu nimwonyeshe: juu ulikuwa ute mtupu, chini mizizi myeupe, migumu, isiyo na harufu. Mizizi ikiwa hivyo mmea uko hai. Tuliondoa majani yaliyooza kwa kuyanyonya kwa mpira, tukaiacha mizizi mahali pake.

Uamuzi wa nne ulikuwa kutafuta mimea ya kuziba pengo. Nilileta konzi tatu za seratofilamu kutoka tangi langu, mmea usio na mizizi unaoelea na kunywa amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) na naitreti moja kwa moja kutoka majini. Hatukuipanda. Tuliiacha ielee upande mmoja tu, uso wa maji upande wa filta ukibaki wazi. Kazi yake ilikuwa ya muda, kama kibarua.

Uamuzi wa tano: chupa ya hamira itoke. Hili niliamua kwa aibu. Chupa hiyo haina bomba la kufungia, inatoa gesi mchana na usiku. Mchana mimea huitumia. Usiku mimea yenyewe inavuta oksijeni na kutoa gesi ya kaboni, kama sisi, na chupa inaendelea kuongeza juu yake. Kwa joto la Mombasa hamira huchachuka kwa fujo siku tatu nne za mwanzo halafu hufa, kwa hiyo hata mchana mimea haipati kiwango kimoja siku mbili mfululizo. Mimi ndiye niliyeiweka pale, na usiku ule wa kukatika umeme ilikuwa inabubujika.

Kuhusu mawe, niliomba yote matano yatoke. Ami alikubali manne madogo. Lile kubwa alikataa, na hatukubishana.

Kukata upya, safari hii kwa utaratibu

Wiki ya tatu, kalamu ikisoma chini ya 700, tulianza kuzalisha upya tulichokuwa nacho. Ilikuwa haigrofila saba zenye vichwa vizuri, valisneria kumi na kitu zilizokatwa ncha, na anubiasi moja kubwa ambayo hata haikutambua kwamba kulikuwa na msiba.

Haigrofila ina vifundo, na kila kifundo kina majani mawili yanayokabiliana. Kwenye kwapa la kila jani kuna jicho lililolala. Ukikata kichwa, jicho la kifundo cha juu kilichobaki huamka, mara nyingi yote mawili, na shina moja linakuwa mawili. Tulikata vichwa vya urefu wa kidole na nusu, chini kidogo ya kifundo, kwa mkasi mkali. Mkasi wa jikoni unaponda, na shina lililopondwa huoza kabla halijatoa mizizi. Majani ya vifundo viwili vya chini tuliyatoa, vifundo hivyo tukavizika kwenye changarawe kwa kibano, kimoja kimoja, tukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya shina na shina. Ami alitaka kuvifunga fungu na kuvichomeka pamoja, kama watu wengi wanavyofanya. Fungu hupendeza siku ya kwanza, kisha shina la katikati hukosa mwanga na kuoza. Vichwa saba, pamoja na mashina saba ya chini yaliyoachwa yachipuke, vilitupa zaidi ya mashina ishirini ndani ya wiki tano.

Valisneria haikatwi katikati. Jani lake likikatwa, ukingo wa jeraha huwa kahawia na kuoza kushuka chini, na mwani hupenda sana sehemu hiyo. Ukitaka kupunguza, shika jani la nje lililozeeka, lifuate hadi shinani, ling'oe lote. Ukitaka kuzidisha, fuata lile shina linalotambaa mpaka kwa mtoto. Akiwa na majani manne au matano na mizizi yake mwenyewe, mkate na umhamishe. Kitovu cha mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, kibaki juu ya changarawe.

Anubiasi ndiyo iliyomfurahisha Ami kuliko zote. Ina shina nene linalolala juu ya jiwe, mizizi ikishuka na majani yakipanda. Tulilikata vipande vitatu, kila kimoja na majani manne, tukavifunga kwa uzi wa pamba juu ya lile jiwe la babake. Uzi wa pamba huoza wenyewe baada ya mizizi kushika. Shina hilo halizikwi. Likizikwa huoza, na hilo niliwahi kulifanya mwenyewe mara mbili kabla ya kuamini.

Matokeo

Chumvi ilishuka hivi: 1,190, kisha 930, 750, 635 na 560, kwa muda wa wiki mbili. Mwani wa nyuzi haukutoweka siku moja. Tuliuviringisha kwa mswaki wa zamani kila Ijumaa, na kufikia mwisho wa Januari ulikuwa umebaki kwenye bomba la filta tu. Kriptokorini zilitoa majani mapya wiki ya nne, madogo na yamejikunja. Mwezi wa Machi zilikuwa nzuri kuliko za Juni. Katika kumi na moja zilirudi tisa.

Rotala ilikufa yote. Samaki waliokufa walikuwa tisa kwa jumla, na wengi wao ni tetra. Gapi walivumilia, maana ni samaki wasioogopa chumvi kidogo. Tangu tulipoanza kubadilisha maji hakuna aliyekufa tena.

Sasa Ami hukata kila baada ya wiki mbili, na hakati zaidi ya theluthi moja ya tangi kwa mara moja: wiki hii upande wa kushoto, zamu ijayo katikati. Siku ya kukata ndiyo siku ya kubadilisha maji. Kama mfereji haujatoka, mkasi unakaa kabatini. Maji ya kufidia yanayoyeyuka hutoka kwenye pipa lililotengwa kwa ajili ya tangi peke yake, na mkewe ameandika juu yake kwa rangi: SI LA KUFUA. Pampu ndogo ya hewa imeunganishwa na betri inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Masika ilipoanza alikinga maji ya bati, baada ya mvua mbili tatu za kwanza kuosha vumbi la paa, na kalamu ikashuka hadi 450.

Uchambuzi

Watu waliosikia kisa hiki husema Ami aliharibu kwa kukata. Mimi sioni hivyo. Msitu ule ulikuwa unadai kukatwa tangu Septemba, na alichofanya Jumamosi ile ni kulipa deni la miezi mitatu kwa asubuhi moja. Katika tangi la namna hii mimea ndiyo filta kubwa kuliko filta yenyewe. Inakunywa amonia ya samaki saa hiyo hiyo inapotoka. Ukiondoa zaidi ya nusu yake kwa siku moja, amonia inabaki bila mnywaji, na ukivuruga tope unaongeza nyingine iliyokuwa imelala chini. Kisha ukaongeza mwanga. Umemwandalia mwani meza.

Vifo vya alfajiri vilikuwa tayari njiani, hata bila ya mkasi. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8.3 hivi kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini wakati huo huo joto huharakisha upumuaji wa samaki, mimea na bakteria wote kwa pamoja. Zulia la haigrofila lilikuwa limeziba uso wa maji, pale ambapo hewa huingilia. Umeme ukazima filta, na chupa yangu ikaendelea kububujika. Nikilazimishwa kuchagua sababu moja kubwa kati ya hizo, nitachagua zulia, kwa kuwa hilo lilikuwepo kila usiku na lilionekana kwa macho.

Kosa langu la picha ya simu linastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu naona wengi wakilirudia. Jani la njano si ugonjwa mmoja. Naitrojeni na potasiamu mmea huweza kuzihamisha kutoka jani zee kwenda jani changa; zikipungua, majani ya chini ndiyo yanayoumia kwanza, yakawa njano au yakatoboka matundu. Chuma mmea hauwezi kukihamisha hivyo. Kikikosekana, jani changa la juu ndilo linalotoka njano na mishipa ya kijani. Picha ya Ami ilionyesha majani ya juu. Jibu lilikuwa chuma, na chuma hakikukosekana kwa sababu hakikuwekwa. Maji yalikuwa yamegeuka magumu na pH, kipimo cha uchachu wa maji, imepanda kwa kisima na mawe, na katika maji kama hayo chuma cha kawaida huganda na kuwa kutu isiyoliwa. Gramu zangu kumi zilitia naitreti karibu miligramu 41 kwa lita kwenye tangi lisilokuwa na mimea ya kuitumia. Nilikuwa nimelisha mwani. Baadaye, chumvi iliposhuka, tulitumia kidogo sana chuma cha aina ya DTPA, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali ili kisigande, ambacho hustahimili pH ya juu kidogo kuliko kile cha EDTA, na majani ya juu yakapata rangi ndani ya siku kumi.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yasiyo na ufundi wowote: kuacha mizizi ya kriptokorini ardhini, na kwenda polepole na maji. Yote mawili yalihitaji Ami akae na tangi baya mbele ya wageni kwa mwezi mzima. Hilo lilimgharimu kuliko mitungi.

Kuhusu rotala, sikumruhusu anunue nyingine. Inaweza kuota Mombasa, nimeiona ikiota, lakini kwa maji mepesi na chumba chenye kiyoyozi. Kwa sebule yenye nyuzi 29, maji ya mfereji wetu, na jiwe la matumbawe lisiloondoka, valisneria na Cryptocoryne wendtii ziko nyumbani zaidi, kwa kuwa hazichukii maji magumu. Pale ilipokuwa rotala sasa kuna haigrofila. Haina wekundu ule, na Ami bado anaulalamikia.

Liko swali la mabaki. Zile ndoo mbili za Desemba alizimwaga kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba, ambao nyakati za mvua huelekea kusikojulikana. Mimea tunayoipenda kwa kukua haraka ndiyo hiyo hiyo inayokuwa balaa ikitoka nje: gugu maji la Ziwa Victoria, asili yake Amerika ya Kusini, lilianza kama pambo, na salvinia iliwahi kuziba sehemu za Ziwa Naivasha. Sasa vichwa vizuri Ami huwagawia majirani, vilivyobaki huvianika juani mpaka vikauke kabisa, kisha huvitia kwenye shina la mlimau uani. Mlimau umeanza kuzaa. Mkewe anasema ni hamira.

Kaskazi inakaribia tena, na betri ile haijapimwa na usiku mzima wa giza. Nimemwambia Ami akate umeme wa pampu siku moja kwa makusudi, kuanzia isha hadi alfajiri, tuone inadumu saa ngapi. Amesema wiki ijayo. Nimeandika tarehe kwenye daftari, na nitakwenda mwenyewe.